Maswali ya Mfungo: Mate Mnayaogopa, Deni Mmelisahau

Ramadhani ikikaribia tu simu yangu hailali. Nimechagua machache, mengine yanafanana nimeyaunganisha. Majibu yangu yanafuata madhehebu ya Shafi, ndiyo ya wengi wetu huku pwani, mwenye madhehebu mengine aulize kwa shehe wake.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ndo mpishi wa nyumba nzima, sasa mihogo ya nazi ikizidi chumvi mume wangu ananuna mpaka wakati wa tarawehe. Naweza kuonja nikiwa nimefunga? Na nikimeza mate baada ya hapo je? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Onja kwa ncha ya ulimi kisha tema, usimeze kitu, imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba haina ubaya kwa mwenye haja nayo. Mate yako mwenyewe meza tu jamani, hawa wanaotemea kila kona ya mtaa mchana kutwa wanajitesa bure na wanatuchafulia njia. Mswaki piga, ila dawa ya meno ipige kabla ya alfajiri ukae na amani, maana ikiteleza kooni umejiharibia siku. Na huyo baba mwekee kibakuli cha chumvi na ndimu pembeni ajirekebishie mwenyewe.

Bi Mkubwa, nina deni la Ramadhani mbili. Ya kwanza nilikuwa na mimba ya miezi minane, iliyofuata nanyonyesha, hapo hapo na siku zangu za mwezi, kila nikisema nianze kulipa naahirisha. Shoga yangu ananiambia nitoe hela ya chakula yaishe, eti ndo fidia. Ni kweli? (Temeke)

Shoga yako kakurahisishia mno. Fidia ya chakula peke yake ni ya mzee ambaye mwili umeshakataa au mgonjwa asiyetarajia kupona, wewe mashaallah mzima, kwa hiyo siku unazilipa kwa kuzifunga, siku kwa siku. Bi Aisha radhi za Allah ziwe juu yake alisema walikuwa wakiamrishwa kulipa saumu za hedhi wala hawakuamrishwa kulipa sala, na yeye mwenyewe alikuwa hawezi kuzilipa mpaka Shaabani, yaani kuchelewa sio ajabu, ajabu ni kuliacha deni likapitiliza Ramadhani nyingine na nafasi ulikuwa nayo.

Sasa hapo pachambue vizuri. Kama uliacha kufunga kwa kuhofia afya yako, au yako na ya mtoto, unalipa siku tu. Kama wewe ulikuwa huna tatizo ila ulihofia mtoto peke yake, maziwa yatakauka labda, basi unalipa siku na kwa kila siku unatoa kibaba cha chakula. Siku za hedhi hazina kibaba. Halafu kuna kibaba cha kuchelewesha bila udhuru, hicho kinakuja juu ya siku ambazo ungeweza kuzilipa ukazembea, muda uliokuwa kweli huwezi hauhesabiki. Vibaba vinne ni pishi moja, na pishi ya mchele watu wengi wanaikadiria kilo mbili na nusu, kwa hiyo kibaba ni zaidi kidogo ya nusu kilo, mpe maskini, sio kumpelekea wifi yako mwenye duka.

Chukua daftari uandike hesabu, usitegemee kichwa. Anza baada ya Idi, Jumatatu na Alhamisi kwa mfano, nia uiweke usiku kabla ya alfajiri. Zile sita za Shawali nzuri sana lakini mwenye deni aanze na deni. Siku za Idi zenyewe usifunge, wala zile tatu baada ya Idi ya kuchinja.

Nimeamka adhana ya alfajiri imeshapita, daku sijala na nina janaba. Saumu ipo? (Zanzibar)

Ipo, kama usiku ulishanuia. Koga, sali, endelea. Mtume (s.a.w.) alikuwa alfajiri inamkuta na janaba kisha anakoga na anafunga. Daku ni sunna, kuikosa hakuvunji kitu, utaona njaa tu.

Bi Mkubwa mi dereva wa lori, Dar mpaka Tunduma. Nile au nifunge? Bodaboda mmoja kijiweni kasema hata yeye ni msafiri. (Mbagala)

Huyo wa bodaboda mwambie kutoka Mbagala kwenda Kariakoo sio safari, hata akizunguka siku nzima. Wewe Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, ruhusa unayo kwenye Qurani, Suratul Baqara aya ya 184, unalipa siku nyingine. Ila kwa Shafi uwe umeshatoka mjini kwako kabla ya alfajiri, ukiondoka saa nne asubuhi ile siku ya kwanza unafunga. Na kwa sababu safari ndo kazi yako ya mwaka mzima, kama huoni uzito, funga, usije ukakosa hata mwezi wa kulipa. Lakini ukiona macho yanafumba pale Kitonga, kunywa maji mwanangu, nyuma yako kuna mabasi ya watu.

Mama yangu ana kisukari, anachoma insulini, kila mwaka anafunga kwa siri tukimkataza. Anasema majirani watamwita kobe, yaani mla mchana wa Ramadhani. (Mombasa)

Mpeleke kliniki kabla mwezi haujaandama, daktari ndo aseme kama anaweza na dozi ibadilishwe vipi, msimbadilishie nyinyi. Akiambiwa aache, aache, kuulinda mwili nao ni amri. Akiruhusiwa, apime sukari mchana, kutoboa kidole hakufunguzi, na sindano za dawa ambazo sio za lishe zilijadiliwa na Baraza la Fiqhi la Kimataifa Jeddah mwaka 1997, wakasema hazifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikapita 16.6 kwenye kile kipimo (cha mmol/L), afungue hapo hapo hata kama magharibi imebaki robo saa. Na jioni asianze na kaimati za shira, tende moja na maji, uji mwepesi, halafu akae kidogo.

Akiwa hawezi kabisa na kupona hakutarajiwi, hapa ndo fidia yenyewe sasa, kibaba kila siku na halipi kitu. Mkabidhini yeye mchele apime kwa mkono wake na apeleke mwenyewe kwa mwenye shida. Hao majirani wa kobe, nani kawatuma kuchungulia jikoni kwa mtu?