Kaka yangu alihukumiwa kunyongwa. Anaweza kurudi mahakamani?

SWALI: Shikamoo wakili. Kaka yangu alipatikana na hatia ya mauaji mwaka 2011, Mahakama Kuu ikamhukumu kunyongwa. Rufaa yake ilitupwa 2014. Mwaka 2016 Rais alipowapunguzia wafungwa adhabu, yake ikawa kifungo cha maisha. Watu wanatuambia kuna uamuzi wa Muruatetu. Je, unamhusu? Na binamu yetu aliyehukumiwa kwa wizi wa mabavu?

JIBU: Marahaba dada. Kaka yako unamhusu. Binamu yenu haumhusu, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza pesa.

Uamuzi huo ulitokana na kesi ya Francis Muruatetu, aliyehukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya haikufuta adhabu ya kifo, ingawa mitaani ndivyo inavyosimuliwa. Ilichokataa ni ulazima wake. Kifungu cha 204 cha sheria ya adhabu kilimfunga jaji mikono: ukishapatikana na hatia ya mauaji, ni kunyongwa tu, hata ujitetee vipi. Mahakama ikasema kumnyima mtu nafasi ya kusikizwa kuhusu adhabu yake ni kumnyima kesi ya haki. Msamaha wa 2016 haumzuii kaka yako. Muruatetu mwenyewe alikuwa ameshapunguziwa na Rais hadi kifungo cha maisha kabla hajafika Mahakama ya Juu.

Baada ya hapo magereza yalichangamka. Waliofungwa kwa wizi wa mabavu, hata kwa unajisi, wakaomba adhabu zao zipimwe upya, na baadhi ya mahakama zikakubali. Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafunga mlango huo: uamuzi ule ni wa mauaji peke yake. Anayepinga adhabu ya lazima ya kosa jingine aanzishe kesi yake mbele ya Mahakama Kuu, kisha aipandishe ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo anayemwahidi binamu yenu "Muruatetu" leo anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Kaka yako apeleke ombi Mahakama Kuu, kwa kuwa ndiyo iliyomhukumu. Asilipeleke Mahakama ya Rufaa. Kitakachosikizwa ni adhabu tu, suala la hatia halifunguliwi tena. (Kama mna ushahidi mpya na mzito ambao haungeweza kupatikana wakati wa kesi, hiyo ni njia nyingine, Kifungu cha 50(6) cha Katiba. Msizichanganye kwenye karatasi moja.)

Jaji ataangalia umri wake alipotenda kosa, kama lilikuwa kosa la kwanza, namna marehemu alivyouawa, majuto yake, na kama amebadilika. Ataangalia pia familia ya marehemu iliathirika vipi, nao wana haki ya kusikizwa. Kwa kawaida afisa wa probesheni, anayemwandalia jaji ripoti, huenda kijijini kuuliza pande zote mbili. Tafadhali msiwatume wazee kuwabembeleza wafiwa siku chache kabla afisa hajafika. Nimeona jambo hilo likiandikwa kwenye ripoti kama vitisho.

Majuto nayo yana mtego wake. Mtu aliyeshikilia miaka yote kwamba hakuua hujikuta njia panda. Simshauri akiri asichokifanya. Anaweza kusema anasikitikia kifo kile na uchungu wa wafiwa, kisha vyeti vyake vya gerezani, vya useremala au vya masomo, vimsemee.

Mwombe pia atafute tarehe aliyokamatwa. Akipewa kifungo cha idadi maalumu ya miaka badala ya maisha, kifungu cha 333(2) cha sheria ya mwenendo wa jinai kinataka muda wa rumande uhesabiwe, na usipotajwa ombini husahaulika kirahisi. Lakini jaji halazimiki kupunguza chochote. Anaweza kusikiliza yote akaona kifungo cha maisha ndicho kinachofaa, na hapo kaka yako atakuwa na haki ya kukata rufaa juu ya adhabu hiyo, akitoa notisi ndani ya siku 14.