Tarakimu 20 za luku

Wiki hii gazeti lenu limetuuliza: ni teknolojia gani unayoitumia kila siku ambayo unaamini aliyeibuni alikufikiria wewe mteja? Wengi watataja simu zao. Mimi nataja luku, umeme wa kulipia kabla. Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, kwa hiyo niseme mapema kwamba sizungumzii bei ya uniti wala umeme kukatika. Nazungumzia zile tarakimu 20 tunazoziingiza kwenye mita.

Mama yangu yuko Pangani na simu yake ya kitochi. Luku yake anainunua kaka yangu, akiwa Mwanza. Akishanunua anapiga simu, anamsomea mama zile namba. Mama anazirudia kwa sauti nne nne kama anayevuta tasbihi, na mjukuu amesimama juu ya kigoda anabonyeza. Mkoa hadi mkoa, uniti zimesafiri kwa mdomo. Hakuna aliyehitaji simu janja, wala bando, wala kujua kusoma meseji bila miwani. Namba hiyohiyo ungeweza kuiandika kwenye kiganja, au kumtuma mtoto nayo akiwa na kikaratasi cha wakala.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba haihitaji kufichwa. Ndani ya tarakimu zile kuna kiasi cha uniti na muda ulionunua, vimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Soma namba yako mbele ya kijiwe kizima, hakuna atakayekuibia; mita ya jirani itaikataa, na hata ya kwako ikishaipokea haiipokei tena mara ya pili. Ukikosea tarakimu moja unaanza upya, basi. Linganisha na kutuma pesa kwa simu ukakosea namba, halafu uanze kumbembeleza mtu usiyemjua akurudishie! Na mita yenyewe haiulizi intaneti. Inafanya hesabu zake palepale ukutani au juu ya nguzo, mtandao uwepo usiwepo.

Mfumo huu wa namba ulitoka Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo unatumika katika nchi nyingi. Mwaka 2024 ndipo nilipoona waliobuni walikuwa na akili kiasi gani, ingawa siku zenyewe watu walilalamika sana. Ule muda unaofungwa ndani ya namba huhesabiwa kwa dakika tangu mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa isingepokea umeme mpya. Dunia nzima ilikuwa na mita za namna hiyo. Sasa fikiria kutuma mafundi nyumba kwa nyumba, kuanzia Tandika hadi Tandahimba. Badala yake, ukinunua luku ulipewa makundi matatu ya tarakimu 20: unaingiza la kwanza na la pili kurekebisha mita, kisha la tatu ndiyo uniti zako. Pale kwetu kuna aliyeanza na la tatu kwa haraka ya kuwahi mechi. Mita ikamkataa, akarudi kuanza na la kwanza, umeme ukawaka kabla ya kipindi cha pili. Kila nyumba ikawa fundi wa mita yake, kwa vidole tu.

Pamoja na sifa zote hizo, kuna mahali hatukufikiriwa. Mita inajua nyumba moja, mteja mmoja. Sisi wapangaji wa uswahilini tumo vyumba kadhaa kwenye mita moja, na hesabu iliyobaki tunaifanya kwa daftari na kwa mdomo. Mwenye friji alipe ngapi? Anayepiga pasi nguo za watu je? Sabufa ya kijana wa chumba cha uani nayo inakula umeme au inakula masikio yetu tu? Kodi ya jengo ndiyo imeongeza utamu: tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayekatwa ni aliyenunua umeme. Tukaambiwa tumalizane wenyewe na wenye nyumba. Jaribu basi kumfuata baba mwenye nyumba tarehe ya kodi, umwambie akupunguzie buku jero.

Halafu kuna programu za simu. Ninayo moja ya kulipia vitu, jina nalihifadhi. Ukinunua luku, kwanza inakupongeza kwa rangi na nyota zinazoruka. Kisha inakuonyesha tangazo la mkopo. Tarakimu zenyewe ziko chini ya kitufe cha kutazama risiti, na risiti ni picha, kwa hiyo huwezi kuzinakili ukamtumia aliye nyumbani. Ukikwama unaandikia huduma kwa wateja, na unajibiwa papo hapo: “Habari mpendwa mteja, tunathamini muda wako.” Baada ya hapo kimya. Mimi niko gizani, simu inaelekea kuzima, nataka namba!

Aliyeichora programu ile nadhani alikuwa amekaa penye taa, kiyoyozi na chaji ya kutosha. Mtu anayenunua luku mara nyingi umeme umeshakata. Kama wanasoma gazeti hili, ombi langu ni dogo: tarakimu zikae mstari wa kwanza kabisa, ziachane nne nne, kwa maandishi yanayonakilika. Jina langu, kodi, tozo na pongezi vifuate chini, nitavisoma asubuhi. Kwa sasa nimerudi kwenye nyota na alama ya reli, menyu ileile anayoitumia wakala wa kona yetu, na meseji yake naifowadi kwa anayeihitaji.

Msomaji wenu, Tandika, Dar es Salaam