Bushwhacking ni nini hasa?

Dada uliyeuliza bushwhacking ni nini baada ya kuona tangazo la matembezi ya Arabuko-Sokoke, ule msitu wa Pwani ya Kenya karibu na Malindi, hapo wanamaanisha kupita msituni pasipo na njia, unajipenyeza mwenyewe, saa zingine ni panga mkononi unafyeka huku unasonga. Lakini kabla hujatuma pesa waulize vizuri manake ule msitu ni hifadhi, huwezi kuingia na panga ukafyeka utakavyo, KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya, na watu wa misitu wako macho halafu mle ndani mna ndovu pia. Mi naona wametia hilo neno kunogesha biashara tu, mtapita njia za kawaida na muongozaji wenu.

Ukienda vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu, upande wa mchanga mwekundu kichaka kimesongamana vibaya, na ukikutana na upupu, vile vinywele vyake vikikuingia shingoni utajikuna mpaka ufike Malindi, na kadri unavyojikuna ndio vinasambaa, wallahi usithubutu kugusa.

Maana ya pili ni ya shari, kumvizia mtu kichakani umshambulie. Ilivuma sana Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, pale Missouri wapiganaji wasio wa jeshi rasmi walikuwa wanajificha porini wanavamia askari na hata raia, mwaka 1863 kundi la Quantrill, mmoja wa viongozi wao, likaingia mji wa Lawrence kule Kansas wakaua wanaume na wavulana kama 150. Siku hizi hata mwanasiasa akirushiwa swali asilolitarajia mbele ya kamera wanasema kafanyiwa bushwhacking.