Mama akisema "mwambie sipo", mtoto atii?

Maswali ya wasomaji kuhusu wazazi na watoto katika nyumba ya Kikristo

SWALI: Niko kidato cha pili. Siku ya marejesho ya kikoba mama hujifungia chumbani, kisha ananituma mlangoni niseme hayupo. Mwalimu wa Shule ya Jumapili anasema mtoto asiyetii wazazi anatenda dhambi. Nifanyeje? *Binti, Morogoro*

JIBU: Mwalimu wako hajakosea, ila Waefeso 6:1 inawataka watoto wawatii wazazi "katika Bwana", na hapo ndipo penye mpaka. Amri ya kuwaheshimu baba na mama iko Kutoka 20:12. Aya nne mbele yake kuna katazo la kushuhudia uongo. Huwezi kutumia moja kuivunja nyingine. Mpaka huo lakini ni mwembamba. Haukupi ruhusa ya kukataa kuosha vyombo.

Usibishane mdai akiwa anagonga. Subiri mama ametulia, mkiwa wawili tu, wadogo zako wasisikie. Sema kwa ufupi: "Mama, samahani. Naomba usinitume tena kusema hupo, moyo unanisuta. Nitume nimwambie mzungumze jioni." Akikasirika, nyamaza uendelee na kazi zako. Usimsomee aya, mzazi akisomewa aya na mwanawe huona amehukumiwa, na mazungumzo huishia hapo. Wala usipeleke habari za deni kwa majirani. Jambo likiendelea, mwombe mama mdogo au shangazi anayemsikiliza azungumze naye.

Na mama kama huyo akisoma hapa: mdai akiambiwa "hayupo" mara mbili tatu, suala huenda kwenye kikao cha kikundi, na aibu uliyoikimbia inakuwa ya watu wote. Toka mwenyewe, toa ulichonacho hata kama ni shilingi 5,000, taja tarehe ya kumalizia. Mtoto uliyemzoesha kusema "hayupo" kwa niaba yako, kesho atakwambia alikuwa maktaba, na hutakuwa na la kumjibu.

SWALI: Mume wangu ni mzee wa kanisa. Sala ya nyumbani inaanza saa tatu usiku na kukaribia saa nzima. Watoto wana miaka 13, 8 na 4. Wakisinzia wanachapwa. *Mama watatu, Dodoma*

JIBU: Kosa ni la saa na urefu, si la watoto. Saa tatu usiku mtoto wa miaka minne anatakiwa awe amelala. Isitoshe, Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuwafundisha watoto nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Mafundisho yote hayakupangwa yaingie kwenye kikao kimoja cha usiku.

Hamishieni sala saa moja jioni, kabla ya chakula, isizidi dakika 15. Beti mbili za wimbo ambao hata mdogo anaujua. Kisha Injili ya Marko kwa mfululizo, aya kumi hivi kila jioni. Mkisoma jioni tano kwa wiki mtaimaliza kwa kama miezi mitatu. Wa miaka 13 asome, wa nane aseme nani kafanya nini, wa nne ataje kitu kimoja cha kushukuru. Baba afunge kwa dakika mbili. Yale maombi marefu muombe ninyi wawili watoto wakishalala.

Jihadharini pia sala isigeuke baraza la kesi: "Bwana, mbadilishe huyu aliyevunja chupa ya chai." Mtoto hawezi kujitetea kwenye sala, kwa hiyo anajifunza kuiogopa. Kuhusu kuchapa, Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto, na Wakolosai 3:21 inatoa sababu: wasije wakakata tamaa. Usimwambie mumeo haya mbele ya watoto. Mwombe mjaribu utaratibu mpya kwa wiki mbili, naye ndiye autangaze.

SWALI: Mshahara wangu mkononi ni 700,000. Wazazi wanapiga simu kila wiki wakiomba fedha, mke analalamika, na kanisani naambiwa fungu la kumi kwanza. *Baba mmoja, Makambako*

JIBU: Ukioa, kutii hubadilika (Mwanzo 2:24), heshima haibadiliki, na heshima hiyo ina fedha ndani yake. Katika Marko 7:9–13 Yesu aliwakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Basi sadaka haifuti wajibu huo. Ila 1 Timotheo 5:8 inataja hasa watu wa nyumbani mwako, na mkeo ni wa kwanza kati yao.

Kaeni wawili kabla mshahara haujaingia. Kwa mfano: 70,000 sadaka, 70,000 wazazi, 30,000 akiba ya dharura za pande zote mbili za ukoo. Viwango mtapanga wenyewe. Kinachotuliza simu ni kiasi kinachojulikana na tarehe isiyobadilika. Wazazi waelezwe na wewe, mwana wao. Akieleza mke, ataitwa aliyefunga mkono wa mtoto wao. Kutuma ndiko mwachie yeye, fedha itoke kwenye simu yake, wakwe wamshukuru.

Ukiambiwa kuna mgonjwa, lipa hospitali moja kwa moja. Kwa wadogo zako wanaosoma, chukua kitu kimoja unachokimudu, sare au madaftari, usiahidi ada yote. Na kama wazazi wana shamba, peleka mbegu na mbolea mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Maombi mengi ya Januari hadi Machi huwa ni ya chakula.