Maswali ya Wasomaji: Stopwochi ya Kujiundia Inayochelewa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari mjini Morogoro. Wakati wa likizo nilijiundia stopwochi kwa kutumia bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo ya bodi moja unayoiandikia programu), kitufe kimoja na kioo cha tarakimu 4. Programu niliyoiandika husubiri milisekunde 10 kwa amri ya delay, huongeza sehemu moja ya mia ya sekunde, hupeleka namba kwenye kioo, kisha huanza upya. Tatizo ni kwamba inapoonyesha dakika moja kamili, simu yangu huwa imeshafika sekunde 66. Aidha, mara nyingine nikibonyeza kitufe mara moja, saa huanza na kusimama papo hapo. Je, nipunguze muda wa kusubiri? Na je, ninunue kioo cha tarakimu 8 ili dakika, sekunde na sehemu za mia zote zionekane?

JIBU: Mwalimu, vipimo vyako vimetutajia ugonjwa wenyewe. Ili kufikisha dakika moja, programu hiyo huzunguka mara 6,000, na sekunde 6 za ziada ukizigawa kwa mizunguko hiyo unapata milisekunde 1 kamili. Bila shaka huo ndio muda ambao bodi huutumia kuandika namba kwenye kioo, nawe hukuuhesabu popote. Ukipunguza muda wa kusubiri hadi milisekunde 9, saa itaonekana kuwa imepona, lakini siku utakapobadilisha kioo au kuongeza kitufe cha pili cha kupimia mizunguko ya uwanja, kosa litarudi na kiwango kipya.

Acha kuhesabu mizunguko. Bodi yako ina hesabu yake ya ndani, inayosomwa kwa amri ya millis, ambayo hueleza ni milisekunde ngapi zimepita tangu bodi ipate umeme. Kitufe kinapobonyezwa, hifadhi namba hiyo, kisha kila unapotaka kuonyesha muda, soma namba ya sasa na uitoe ile ya mwanzo. Hapo kuandika kwenye kioo kukichukua milisekunde 1 au 8, kinachochelewa ni maonyesho tu, si kipimo.

Hata hivyo, usishangae ukibaki na kosa dogo. Bodi nyingi za Uno hupata mapigo yake ya 16 MHz, yaani milioni 16 kwa sekunde, kutoka kwenye kipande cha kauri, si kristali ya kwatsi, na kipande cha aina hiyo kinaweza kupotoka hadi kiasi cha asilimia 0.5. Kwa mbio za mita 100 hutaona tofauti kubwa, lakini kwa mwanafunzi anayekimbia dakika 4 kosa hilo linaweza kufika sekunde 1.2, ilhali kristali ya kawaida yenye kosa la sehemu 20 katika milioni isingepotea hata sehemu moja ya mia. Iache saa yako ikimbie sambamba na simu kwa saa nzima, upime tofauti, kisha uirekebishe kwa hesabu ndani ya programu. Kwa kazi ya shule hiyo inatosha, ingawa kauri hubadilika kidogo kwa joto.

Ukitaka usahihi zaidi, tafuta moduli ya DS3231, kifaa kidogo cha saa chenye kristali, ambayo wauzaji wengi wa vifaa vya elektroniki wanayo. Pini yake iliyoandikwa 32K hutoa mapigo 32,768 kwa sekunde. Iunganishe na pini ya 5 ya Uno, ukiweka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kwenye waya huo kwenda volti 5, kisha ukiamuru kihesabu cha ndani cha biti 16, yaani chenye nafasi ya mapigo 65,536, kihesabu mapigo hayo, kitajaa na kuanza upya kila baada ya sekunde 2 kamili. Binafsi sijachoka kuufurahia ulinganifu huo.

Kuhusu kitufe, vipande vyake vya chuma hudundana kwa milisekunde kadhaa kabla ya kutulia, na bodi huona mibonyezo mingi mahali ulipobonyeza mara moja. Chukua muda pale pale vinapogusana kwa mara ya kwanza, kisha upuuze kitufe kwa milisekunde 50.

Kioo cha tarakimu 8 usinunue. Mkono wa binadamu huchelewa kiasi cha sehemu mbili za kumi za sekunde baada ya jicho kuona, na kanuni za riadha zinataka muda wa mkono katika mbio za uwanjani upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata: sekunde 12.31 huandikwa 12.4. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch tarehe 2 Februari 1974, mitambo ilisoma 3:32.16, na rekodi ikaandikwa 3:32.2. Ihesabu namba hiyo: ni tarakimu 4, na kioo chako kinaitosha. Hakikisha tu kwamba kina nukta kando ya kila tarakimu, kwa sababu vioo vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya saa za ukutani vina nukta mbili za katikati peke yake.

SWALI: Stopwochi yangu, ya Uno pia, inamaliza betri ya volti 9 kwa siku moja ya mazoezi. Nifanyeje? (Mwanafunzi wa ufundi, Mombasa)

JIBU: Uno peke yake hula takriban miliampia 50 kabla hujawasha tarakimu hata moja, na kati ya volti 9 unazoipa, volti 4 huishia kuwa joto ndani ya kidhibiti cha umeme. Tumia betri 3 za alkali za ukubwa wa AA, yaani volti 4.5, na uziunganishe kwenye pini ya 5V, si kwenye Vin, pini inayopitisha umeme katika kidhibiti hicho. Pawabenki pia inafaa, ingawa baadhi hujizima zinapoona umeme unaotumika ni mdogo mno. Ukitumia zile betri 3, zichomoe kwanza kabla ya kuchomeka waya wa kompyuta, la sivyo umeme wa kompyuta utasukumwa ndani ya betri ambazo hazikutengenezwa kuchajiwa.