Unga wa kalsiamu hautamsimamisha mama

Swali: Shikamoo daktari. Nimesoma habari za Frank Rubio, mwanaanga wa Marekani aliyekaa angani siku 371 katika safari yake ya kwanza. Mama yangu ana miezi miwili kitandani baada ya upasuaji wa nyonga. Muuza dawa mmoja anasema wanaanga hulinda mifupa kwa kalsiamu, na ametuuzia unga wa kumpa kutwa mara tatu. Je, utamwezesha kusimama?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hautamwezesha, na swali hili naletewa kila wiki, kinachobadilika ni kopo tu.

Rubio alipangiwa miezi sita. Desemba 2022 chombo cha Soyuz kilichompeleka kikavuja kimiminika cha kupoza mitambo, ikabidi kiletwe kingine, akarudi Septemba 2023 pamoja na Dmitri Petelin wa Urusi, ambaye naye alikuwa hajawahi kuruka. Mwaka uliofuata Nikolai Chub, Mrusi mwingine wa safari ya kwanza, akawapita kwa kukaa siku 374 hivi. Hakuna hata mmoja wao aliyeachiwa vidonge akaelea tu. Wanaanga hutengewa saa mbili na zaidi za mazoezi kwa siku. Hufungwa mikanda inayowavuta chini ili waweze kukimbia kwenye mashine, kisha huchuchumaa na kuinuka wakisukuma mtambo wenye silinda za ombwe, yaani zilizotolewa hewa ndani, mpaka mapaja yanauma kama ya mpagazi wa magunia. Kabla mitambo hiyo haijaboreshwa, nyonga ilipoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi.

Yalikwenda wapi? Hapa ndipo wauza unga wanaponikasirisha. Mfupa usiobebeshwa mzigo huachia kalsiamu yake, ikaingia kwenye damu, figo zikaitoa kwa mkojo. Ndiyo maana wanaanga huchungwa wasipate mawe ya figo. Mgonjwa wa kitandani yumo njia hiyohiyo, nanyi mnamwongezea unga usio na kipimo ilhali unyayo haujagusa sakafu!

Muulizeni aliyempasua mama anaruhusiwa kukanyagia uzito kiasi gani. Akiruhusiwa, mkalisheni ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili chini, mtaalamu wa fiziotherapia akiwa pembeni. Siku ya kwanza huenda akasimama nusu dakika tu, mikono ikitetemeka kwenye fremu. Nusu dakika hiyo mfupa umeisikia.

Aliyepungukiwa kalsiamu huandikiwa, pamoja na vitamini D, baada ya kupimwa. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kumlaza mgonjwa "dawa ifanye kazi kwanza". Nimepokea wazee waliolazwa hivyo miezi minne: goti limekakamaa halinyooki, kidonda kimechimba kiunoni, mbuzi wameuzwa kulipia makopo. Na kulala kwenyewe hugandisha damu miguuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au akibanwa pumzi ghafla, msingoje siku ya kliniki. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.