Moshi siku ya kwanza: amkeni mapema

Juzi dada mmoja msomaji wangu ameniandikia: "Dada, mimi na mume wangu tunakwenda Moshi likizo, mara yetu ya kwanza. Siku ya kwanza tuanzie wapi?" Nikamjibu kwa mstari mmoja tu, amkeni mapema, nikazima simu. Usingizi haukuja. Swali lake lilinirudisha kwenye ile siku ambayo mimi na mume wangu nusura turudi Dar kila mtu na basi lake.

Ilikuwa Januari, ndoa ina miaka miwili, na hatujawahi kusafiri pamoja isipokuwa kwenda misibani na harusini. Tulidunduliza miezi minane. Ya njiani nayaacha. Tulifika usiku, tukalala.

Nilikuwa nimeshona gauni la kitenge cha njano kwa ajili ya picha moja: mimi, yeye, na Kilimanjaro nyuma yetu. Tuliamka saa tatu. Mpaka nimevaa na kujipodoa, saa nne na nusu. Natoka nje, natazama kaskazini: wingu jeupe, zito, kana kwamba hapajawahi kuwa na mlima. Mlinzi wa getini akanionea huruma. "Mlikuwa wapi, mama? Mlima ulikuwepo tangu saa kumi na mbili. Sasa umeshajifunika."

Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ina mita 5,895, na mji wenyewe uko chini ya mita elfu moja. Jua likishika, hewa ya joto hupanda mlimani na unyevu wa msitu, ikifika juu inapoa, inakuwa wingu. Ndiyo maana wenyeji huutazama mlima alfajiri na jioni. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilitaka picha yangu, na mume wangu akasema, "Mlima si hauhami? Utauona kesho." Alisema huku anatazama simu. Neno lile bado linaniuma, siwezi kuwadanganya.

Nikaamua kufidia. Maporomoko ya Materuni, chemchemi ya Chemka, soko la Mbuyuni, kahawa, vyote siku hiyo hiyo! Materuni iko juu migombani, Chemka iko chini huko Hai, unapita Boma Ng'ombe. Dereva tuliyempata alikubali bei, tulipofika katikati ya njia akaongeza. Mume wangu akalipa bila kuniuliza, nikanuna. Materuni tulishuka mbio, tukapanda mbio. Chemka tulifika jua limeinama. Maji yale ya buluu, maangavu mpaka unaona mizizi ya miti ndani, niliyatazama dakika ishirini nimekaa ukingoni nimekunja uso, gauni limejaa vumbi mpaka magotini. Mbuyuni hatukufika. Hatukusemeshana mpaka mjini.

Wapendwa, likizo si mtihani. Mkipanga mambo manne siku ya kwanza, mtagombana kwa la kwanza litakaloharibika. Pangeni moja, na amkeni mapema. Ninyi waume, mkeo akishona gauni kwa ajili ya picha, weka simu chini. Na sisi wake tuseme! Mimi sikumwambia kwamba picha ile nimeiwaza miezi minane, nilitaka ajue mwenyewe. Ongeeni usiku kabla hamjalala: kesho tunaamka saa ngapi, pesa anashika nani, na dereva anaelewana na nani. Halafu amkeni mapema.

Usiku ule ndipo nilipomwambia, nikilia. Saa kumi na moja na nusu akaniamsha. Gauni lilikuwa limefuliwa, limening'inizwa dirishani, bado bichi. Nikalivaa hivyo hivyo. Tukatembea kwa miguu hadi Mnara wa Saa, barabara tupu, mama mmoja tu anafagia. Mlima ulikuwa wazi wote, theluji ya Kibo imeshika rangi ya chungwa, na Mawenzi, kilele cha pili, kulia kwake imechongoka. Tulisimama kwanza, ndipo tukamwomba yule mama atupige picha.

Kisha tukanywa mtori kwa mama lishe karibu na stendi, mzito, ndizi zimepondwa zikapondeka, nyama ya mfupa juu. Mume wangu alitoa kipande chake cha nyama akakiweka kwenye bakuli langu, akaendelea kunywa.

Picha ile ipo sebuleni kwetu. Ukiitazama kwa karibu, pindo la gauni linadondosha maji.